Kabati, Mwambie Rory

Shule ya Wavulana ya Glenmarrow
Jumapili, 9 Mei 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Bazothini ni wazima na kile kikohozi chako cha asubuhi kimekuachia. Mimi ni mzima, isipokuwa vidole vya miguu, ambavyo sijavisikia tangu tufungue shule. Baridi mwaka huu imewahi. Asubuhi uwanja wa raga ni mweupe kwa barafu, na mwalimu wa zamu anasimama pale na glavu zake anatuambia tufurahie hewa safi.

Sasa kaa chini kwanza, nina habari. Nimekuwa kiranja wa bweni! Mkuu wa shule alinitaja mbele ya shule nzima, na kwa mara ya kwanza akalitamka jina lote sawasawa, Ndabezinhle Cele. Rory alinipiga ngumi ya mgongo mpaka nikakohoa kama wewe. Rory ni yule wa kitanda jirani, anayecheka mpaka maziwa yanamtoka puani. Najua hupendi kuja huku siku za wazazi, ndiyo maana hujamwona, lakini ungempenda.

Kazi yangu ni kuzima taa, kukagua taulo, na asubuhi wakati wa uji kusimama na kutaja wagonjwa. Nadhani sheria hiyo ilikuwepo hata enzi zako. Mtu haendi mwenyewe kwa Sista wa zahanati, lazima kiranja amtaje, la sivyo bweni zima lingeumwa siku ya mtihani wa hesabu. Jana nilimtaja mmoja, na alikuwa anadanganya.

Kiranja pia ana haki ya kupashiwa kiti cha choo. Watoto wa darasa la nne wanakikalia kwanza mpaka kipate joto, ndipo sisi wa la saba tunaingia. Niliona aibu kidogo. Lakini Baba, kile kiti bila kupashwa ni barafu tupu.

Tafadhali nitumie nyama kavu, ile yenye pilipili. Msalimie Bazothini, mwambie asiguse soksi zangu.

Mwanao,
Ndaba


Pietermaritzburg
Alhamisi, 13 Mei 2004

Ndosi!

Nimeliita jina la sifa la ukoo wetu kwa sauti hapa ofisini mpaka karani amefungua mlango kuuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, mwanangu ni kiranja. Marahaba, baba, na hongera. Mimi ni mzima, kikohozi kipo lakini tumezoeana. Bazothini naye hajambo. Habari ya soksi umechelewa, imebaki moja.

Jana nilikuwa namwita aingie ndani nikamkumbuka bibi yako. Yeye ndiye aliyempa mbwa jina hilo, ambalo kwa Kizulu ni Watasema-Nini, makusudi, ili kila jioni akimwita majirani walisikie swali lake. Maisha yake yote bibi yako hakugombana na mtu uso kwa uso. Akinikasirikia alikuwa anamgeukia mbwa: "Bazothini, kuna mtu hapa kaingia na matope mpaka jikoni, sijui huko anakotoka hakuna mlango." Nami mtu mzima, wakili, navua viatu kimyakimya.

Tangu mama yako atutoke umebaki wewe tu, kwa hiyo nitasema wazi. Mwezi wa saba mkuu wa shule anaandika barua za kuwapeleka vijana sekondari kubwa, na kiranja asiye na doa hakosi nafasi. Mwaka 1980 tulikuwa weusi watatu katika shule nzima hiyo, na hakuna aliyetufikiria ukiranja hata wa banda la kuku. Wewe umeupata. Usiuchezee.

Nyama nimeituma, ya pilipili.

Baba yako


Glenmarrow
Jumapili, 23 Mei 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima. Nyama ilifika, asante sana.

Baba, kumetokea jambo. Kuna mtoto wa darasa la nne alikuwa anapashishwa viti kila siku na baridi hii mpaka akaanza kukojoa damu, na hakutaka kumwambia mtu. Rory aliligundua. Badala ya kuja kwangu akamweleza mama yake, mama yake akapiga simu kwa mkuu wa shule, na mkuu amefuta ziara yetu ya raga ya Cape Town. Darasa la saba wote. Hatuendi.

Usiku uleule wenzangu wa la saba wakakata shauri kwamba Rory Baynes akaushiwe mpaka mwisho wa muhula. Hakuna kumsemesha, hakuna kumjibu, hakuna kumsikia, hata akiomba chumvi. Kukiwa na jambo la lazima, unaliambia kabati la viatu. Dirk wa bwenini kwetu ndiye fundi wa hilo, analigongagonga kabisa kwa heshima: "Kabati, shikamoo. Mwambie mchongezi kengele imelia." Watu wanacheka mpaka wanakaa chini.

Desturi ni kwamba anayetangaza ni kiranja. Nilisimama nikatangaza. Rory alikuwa amekaa kitandani anavua soksi, na alidhani natania, akanirushia moja.

Baba, kukataa naweza? Yule ni rafiki yangu, na sioni alichokosea. Niambie tu naweza, nitakataa.

Mwanao,
Ndaba


Pietermaritzburg
Alhamisi, 27 Mei 2004

Ndosi wangu,

Marahaba. Natumaini unakula na unalala. Hapa sote wazima.

Unaloniuliza si geni kwangu. Mimi nilikaushiwa muhula mzima wa baridi. Kosa langu lilikuwa kupewa nafasi ya mtoto mwingine kwenye timu ya raga, na pia ngozi yangu, ingawa hilo hawakulitaja. Enzi zetu waliongea na ndoo ya kudekia. "Ndoo, mwambie Cele ananuka." Nilifikia mahali pa kuongea na bomba la bafuni ili nisiisahau sauti yangu. Sijawahi kukusimulia kwa sababu sikuona faida. Lakini sikufa, Ndaba. Nilitoka pale nikiwa mtu ambaye hakuna hakimu anayemtisha.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimsemesha huyo kijana, kesho ni zamu yako. Na hawatasema Ndaba ana huruma. Watasema mtoto wa Cele tulimpa ukiranja, ukamshinda. Mimi sikukaa na bomba la bafuni ili mwanangu aje aukose mlango huu kwa ajili ya mtu anayecheka maziwa yakamtoka puani.

Halafu, huyo Baynes ni wa wapi? Baba yake si Clive, mrefu, mwenye ng'ombe wa maziwa upande wa Mooi River? Nijibu hilo.

Baba yako


Glenmarrow
Jumapili, 6 Juni 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi ni mzima.

Ndiyo, baba yake ni Clive na ng'ombe wanao wengi. Umemjuaje?

Nimefanya ulivyosema, sijamsemesha. Mwanzoni Rory alilifanya jambo lote mchezo. Alikuwa anaamka anaenda mwenyewe kwenye kabati: "Kabati, za asubuhi? Umelalaje? Mimi nimeota nimekuwa kiatu." Dirk ilibidi aume mto asicheke. Siku hizi hafanyi tena. Anakunja shuka zake, anakula akiwa ameinamisha kichwa, na akitaka kupita mlangoni anangoja wote tutoke. Wiki hii mwalimu wa historia alimuuliza swali, na alipojibu sauti ilitoka imekwaruza kama ya mtu aliyekuwa na homa.

Alhamisi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Sikusema neno, naapa. Nilichukua kipande cha nyama yako nikakitia kwenye kiatu chake. Alikikuta, akakila chote akiangalia ukuta, na masikio yake yakawa mekundu. Je, hilo linahesabika kuwa nimevunja?

Mwanao,
Ndaba


Pietermaritzburg
Alhamisi, 10 Juni 2004

Ndaba,

Marahaba. Ni wazima huku.

Linahesabika. Mtu akikuona na kiatu hicho umekwisha. Nyama ile niliikata kwa mkono wangu kwa ajili yako, haikuwa ya mtoto wa Clive Baynes.

Nimemjuaje? Tulisoma wote. Yatosha.

Usimsemeshe, usimpe kitu, usimsikie. Mwisho wa muhula si mbali, na wewe si mtoto wa kubembelezwa.

Baba yako


Glenmarrow
Jumatatu, 14 Juni 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Samahani leo si Jumapili. Nimempa barua hii dereva wa lori la maziwa aipeleke posta mjini, ameahidi utaipata kesho.

Rory anaumwa. Tangu jana asubuhi hajala, amejikunja tu. Leo kabla ya uji alikuja mpaka kitandani kwangu. Hakwenda kwenye kabati, alikuja kwangu, akasimama akiwa ameshika tumbo upande wa kulia, akasema, "Ndaba, nitaje. Tafadhali. Linauma kweli."

Bweni zima lilikuwa linanitazama. Baba, nililigeukia kabati. Nikasema, "Kabati, mwambie anywe maji." Wakapiga makofi. Dirk akanipa mkono. Kwenye uji nilisimama nikasema bweni letu halina mgonjwa.

Nikafikiri labda ataenda mwenyewe kwa Sista au kwa mwalimu, lakini najua hatakwenda. Kumwambia mtu mzima ndiko kulikomfikisha hapa, na amekoma. Anatapika kitu cha kijani.

Naomba upige simu ofisini. Sisi haturuhusiwi kupiga, lakini mzazi akipiga wanatuita. Sema tu ndiyo, hata usieleze. Ukisema ndiyo nitamtaja palepale, na wakinikaushia na wanikaushie.

Mwanao,
Ndaba


Pietermaritzburg
Jumanne, 15 Juni 2004

Ndosi,

Marahaba. Barua yako imefika mchana huu, dereva wako anatimiza ahadi. Natumaini umetulia.

Nilishika simu. Nikaiweka chini, na nitakueleza kwa nini. Ningepiga, ungesikia sauti yangu ukalainika, na nisingekuwa nimekusaidia. Kila anayekaushiwa huumwa tumbo. Hiyo ni njia ya kulazimisha mtu aseme naye. Mimi mwenyewe tumbo lilinishika mwaka ule, nikajikunja vilevile, kijani hichohicho. Ndoo iliambiwa initie moyo. Na ninakuandikia barua hii nikiwa na miaka yangu thelathini na saba na tumbo langu lote.

Ulilosema kwa kabati lilikuwa sawa. Lilinichekesha, sitaficha.

Kesho ni sikukuu ya Siku ya Vijana, posta imefungwa, kwa hiyo hii utaipata Alhamisi. Utakapokuwa unaisoma atakuwa uwanjani anakimbia.

Baba yako


Glenmarrow
Jumapili, 20 Juni 2004

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nilingoja simu Jumanne yote. Kila mlango wa ofisi ulipofunguliwa nilisimama. Barua yako niliipata Alhamisi, na Rory alikuwa ameshachukuliwa.

Jumatano, kwa sababu ya sikukuu, tulisimama uwanjani tukiimba wimbo wa taifa. Rory alianguka kwenye ubeti wa pili. Wa mstari wake waliendelea kuimba kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kumwona. Sista alikuja mbio na aproni yake. Alipolishika tumbo la Rory akapiga kelele, "Nani kiranja wa huyu?" na sikunyoosha mkono.

Walimpitisha karibu yangu kwenye machela. Macho yalikuwa wazi. Akasema, "Ndaba." Hivyo tu. Sikuitika, Baba. Haikuwa ukali, ilikuwa imeshakuwa mazoea.

Kilikuwa kidole tumbo, kilipasuka ndani. Amefariki jana hospitalini. Mkuu wa shule alitukusanya leo akasema ni mipango ya Mungu na hakuna wa kulaumiwa. Dirk amelia mpaka ametapika. Kuna mtu ameweka maua juu ya kabati la viatu, na mimi nimeyatupa dirishani.

Njoo unichukue. Sitakusumbua, nitakaa tu chumbani kwangu na Bazothini. Njoo Baba.

Ndaba


Pietermaritzburg
Jumanne, 22 Juni 2004

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mungu ampumzishe mtoto wa watu.

Siwezi kuja kukuchukua. Nina kesi Durban wiki nzima, na hata nisingekuwa nayo, ukiondoka sasa watauliza kwa nini katika bweni zima ameondoka Cele. Kaa hapo, uonekane.

Sasa soma taratibu. Kifo cha ghafla polisi huja kuuliza. Watakuuliza kama alikuomba umtaje. Hakukuomba. Alikuwa mkimya siku zile, ulidhani ana mafua. Wenzako hawatasema tofauti, maana kila mmoja alikuwepo na kila mmoja anajiogopea. Usiongeze neno wala usilie mbele yao. Huu si uongo. Ni kujilinda, na ndiyo kazi yangu, nawafundisha watu wazima kila siku.

Ungefanya nini zaidi? Wewe ni mtoto. Nitakuja kwenye mazishi.

Baba yako anayekupenda


Glenmarrow
Jumapili, 4 Julai 2004

Baba,

Nilikuona kanisani, umekaa kiti cha nyuma karibu na mlango. Nilipokuja kukutafuta wakati wa chai gari lilikuwa halipo.

Bwana Baynes alinifuata. Ni mrefu kweli. Alinikumbatia mbele ya watu wote akasema, "Asante mwanangu kwa kuwa rafiki wa Rory." Kumbe Rory kila Jumapili alikuwa anaandika nyumbani kwamba yote ni mazuri na kwamba Ndaba yupo. Aliwaandikia habari za nyama kwenye kiatu. Mama yake aliniuliza ni duka gani wanauza nyama ile, maana Rory aliandika ni tamu sana. Nilitaka ardhi inimeze.

Kisha Bwana Baynes akaniambia, "Baba yako alitoka kabla sijamfikia. Mpe ujumbe wangu, nimeukawiza miaka ishirini na minne." Akanisimulia. Kwamba wewe ulipewa nafasi yake kwenye timu na yeye ndiye aliyeanzisha ukaushiwe. Kwamba alikuwa kiranja wa bweni lako. Na kwamba tumbo lilipokushika alivumilia siku moja, na siku ya pili akasimama kwenye uji mbele ya wote akasema, "Cele anaumwa." Ulipasuliwa usiku huo. Na yeye walimkaushia mpaka Krismasi. Alisema katika miaka yake yote pale shuleni hilo ndilo jambo pekee asilolijutia.

Baba, kila ukivua shati tukienda kuogelea naliona lile kovu. Uliniambia ni la baiskeli.

Uliniandikia kwamba ulijikunja ukapona. Hukuniandikia kwamba ulitajwa. Ulijua dawa yake ni nini, na ulijua upande gani unauma. Naomba unijibu swali moja tu. Uliponiuliza kama Rory ni mtoto wa Clive, ulikuwa unataka kujua ili ufanye nini?

Ndaba


Pietermaritzburg
Alhamisi, 8 Julai 2004

Ndabezinhle,

Natumaini u mzima, ingawa barua yako haikuniulizia hali wala haikuniamkia.

Sijazoea kuhojiwa na mtoto niliyemvalisha nepi. Huyo mzungu amekupa chai na machozi, na wewe umemwamini kuliko baba yako. Hakukuambia alinitaja akiwa anatetemeka kwa hofu ya kufukuzwa. Hakukuambia ni wiki ngapi kabla ya hapo nilikula peke yangu kwa amri yake. Alinifanyia mabaya muhula mzima, akanifanyia jema asubuhi moja, na mpaka leo anadai sifa. Kama mwanawe alionja kidogo ya kile nilichoshiba mimi, sikumpikia mimi.

Basi nimejibu. Sikujua kuwa atakufa. Nani angejua?

Kuna habari njema: umepata nafasi sekondari, barua imefika leo. Andika uniombe radhi, tuyamalize. Nitakununulia ile baiskeli uliyoiomba.

Baba yako


Pietermaritzburg
Jumatatu, 19 Julai 2004

Ndosi wangu,

Hujambo? Wiki iliyopita nilidhani barua yako imechelewa. Jana hakukuwa na posta, na leo sanduku ni tupu.

Nimepiga simu shuleni. Ndiyo, safari hii nimepiga. Walikuita, nikakusikia ukifika, nikasikia ukipumua kwenye simu. Nikasema, "Ndosi, ni mimi." Nikaongea kama mjinga mpaka mwalimu akachukua simu akasema umerudi darasani. Anasema u mzima, unakula, na barua yako ya Jumapili unaiandika kama wengine. Nikamuuliza inakwenda wapi. Akasema Mooi River.

Ile barua yangu ya mwisho niliiandika nikiwa na hasira. Ile ya kuonja usiihesabu.

Bazothini analala mlangoni kwako.

Baba


Pietermaritzburg
Alhamisi, 29 Julai 2004

Mwanangu Ndaba,

Shikamoo nakuamkia mimi, kama ndiyo unayoitaka. Mama yako angekuwepo angejua la kukwambia.

Uliniuliza nilitaka kujua ili nifanye nini. Nilitaka kujua kama ni wa Clive. Nilipojua, nilifurahi. Nilikaa hapa na barua yako nikafurahi, na simu ilikuwa mbele yangu. Hilo ndilo jibu, nimelisema. Sasa nijibu na wewe, nitukane hata, lakini iwe kwangu.

Muhula unafungwa Ijumaa ijayo. Nije kukuchukua saa ngapi? Nitasimama lango lipi? Nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja, nimeanza kuacha redio ikiwaka mchana kutwa. Na kifua kinanibana siku hizi, hasa nikipanda ngazi. Daktari anataka nilazwe anitazame, nimemwambia nakungoja wewe kwanza.

Nisalimie tu, Ndaba. Neno moja.

Baba yako


Glenmarrow
Jumapili, 1 Agosti 2004

Bazothini mpendwa,

Hujambo? Natumaini mkia u mzima na kupe wamepungua. Mimi ni mzima. Baridi imelegea, na uwanja wa raga umeanza kuota majani.

Nakuandikia wewe kwa kuwa kuna mambo ya lazima mtu wa hapo nyumbani ayajue. Tafadhali mwambie anayehusika.

Ijumaa asisimame lango lolote. Nitakuja na basi Jumapili, kwa sababu nakwenda kwanza Mooi River kuwasaidia kukamua. Bwana Baynes nilimwandikia yote, la kabati, la maji, na la simu. Alikaa wiki mbili kimya, nikajua na hapo nimekwisha. Kisha akajibu. Barua ni fupi na mwandiko umeharibika, lakini amejibu.

Polisi walikuja. Niliwaambia alikuja kitandani kwangu akaniomba, nami sikumtaja. Wameandika. Nafasi ya sekondari bado ninayo, mkuu wa shule anasema nilionyesha uadilifu. Ni bwenini miaka mitano, na huko nako barua ya Jumapili ni lazima, kwa hiyo usiogope, nitakuandikia kila wiki.

Likizo nitakuwa nakula jikoni. Mlango wa chumba changu uachwe wazi ili wewe uingie, wewe peke yako. Baiskeli isinunuliwe.

Nimesikia kuna mtu hapo anabanwa kifua. Mwambie anywe maji.

Kaka yako,
Ndaba